Madogo wa fomu wani wanataja sayari zote nane ila hawajui kaskazini iko upande gani, nifanyeje?

BARUA

Shikamoo mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa ajira mpya, nimepangiwa shule moja ya kata huku wilaya ya Kongwa mkoa wa Dodoma na nimekabidhiwa Jiografia kidato cha kwanza, mikondo yote miwili, na kila mkondo una watoto tisini na kitu. Tumefungua mwezi wa kwanza, saivi tunaelekea katikati ya mwezi wa pili na kiukweli sielewi kama kuna kitu wanakipata.

Shida iko hivi. Nikiwauliza sayari wanazitaja zote kwa mpangilio, tena kwa kiingereza. Nikiwauliza dunia inafanya nini wanaitikia darasa zima kwamba inajizungusha kwenye mhimili wake na inalizunguka jua, sentensi imenyooka kabisa. Alafu juzi nikatoka nje ya mada kidogo nikauliza haya nani anionyeshe kaskazini, wengine wakanyoosha mkono juu kwenye dari! Sio utani mwalimu, juu kwenye dari, kwasababu kwenye ramani ya ukutani kaskazini iko juu. Na mmoja akaniuliza kwa kiswahili, kwa sauti ya chini, kama dunia inazunguka mbona nyumba yetu mlango bado unaangalia kule kule. Nikaona hili swali ndo lilikua la maana kuliko majibu yao yote lakini kipindi kikaisha.

Wametoka msingi wakisoma kila kitu kwa kiswahili, na nyumbani wengi wanaongea kigogo, sasa ghafla kila kitu kiingereza. Wananyamaza tu. Wanakopi notsi vizuri kweli, miandiko mizuri, ila hawaelewi walichoandika. Kuna mwalimu mwenzangu anasema dawa ni fimbo, anayeongea kiswahili achapwe, watazoea. Mimi roho inagoma.

Vifaa hamna. Tufe lipo moja limevunjika stendi, ramani ya ukutani moja imechanika upande wa Asia, kituo cha hali ya hewa hakuna hata kipimajoto. Mkuu wa shule anataka silabasi iishe mapema ili tupate muda wa marudio na anapita kukagua notsi kwenye madaftari. Nikitumia muda mwingi kuelewesha nabaki nyuma, nikikimbia nao wanabaki wao.

Naomba ushauri wako, nianzie wapi? Na wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija wakanikuta nafundisha kwa kiswahili itakuaje?

Mwalimu mpya, Kongwa

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa hiyo roho inayogoma, usiiache ikazoea.

Nianze na hapo uliposema vifaa hamna, maana hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Uko Kongwa! Katika nchi hii sehemu chache sana zinafundisha Jiografia zenyewe kama hapo ulipo na nitakueleza kwanini nikifika kwenye mvua. Lakini kuna jambo moja lina haraka zaidi kwasababu lina tarehe yake na ukilikosa mwezi ujao utasubiri mpaka mwezi wa kumi, nalo ni kivuli.

Kongwa iko kama nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Sasa hivi mwezi wa pili jua la mchana linapita kusini kidogo ya utosi wenu kwaiyo kivuli cha mchana kinaelekea kaskazini. Ikifika kama tarehe 5 mwezi wa tatu jua litapita juu kabisa ya vichwa vyenu na kivuli cha fimbo kitaisha, yaani kinabaki miguuni pa fimbo. Baada ya hapo kivuli kinageuka kinaanza kuelekea kusini na kila wiki kinarefuka, mpaka mwishoni mwa mwezi wa tano fimbo ya mita 1 itakua na kivuli cha karibu nusu mita. Mtoto akiona hilo kwa macho yake, kwamba kivuli kilikua upande huu na sasa kiko upande ule na fimbo haijaguswa, humuhitaji tena kumkaririsha mhimili ulioinama. Atakuja kukuuliza mwenyewe kwanini na siku hiyo ndo unatoa tufe lako lililovunjika stendi, tena kuvunjika stendi ni vizuri utalishika mkononi uliinamishe.

Namna ya kufanya: tafuta sehemu tambarare isiyo na kivuli cha mti wala jengo, simika fimbo nyoofu ibaki mita 1 juu ya ardhi, hakikisha imesimama wima kwa uzi wenye jiwe kama mafundi wanavyofanya na timazi. Kuanzia saa sita na robo mpaka saa saba na robo mchana, kila baada ya dakika kumi mtoto mmoja anaweka kijiti kwenye ncha ya kivuli. Kivuli kifupi kuliko vyote, ukichora mstari toka kwenye fimbo mpaka kwenye kile kijiti, huo ndo mstari wa kaskazini-kusini, chora kwa chokaa au panga mawe yabaki hapo mwaka mzima. Baada ya hapo hakuna atakayenyoosha mkono kwenye dari tena. Waambie tu wasilitazame jua lenyewe, kazi yao ni chini kwenye kivuli.

Kuna kitu kitawashangaza na wewe kitumie. Watoto wote wanaamini kivuli kifupi kabisa ni saa sita kamili. Hapo kwenu kipindi hiki kitakuja kama saa sita na dakika arobaini na tano hivi. Sababu kubwa ni kwamba saa zetu Tanzania zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki na hiyo longitudo haigusi hata nchi yetu, inapita Somalia na Madagaska magharibi, sisi mpaka wetu wa mashariki hata 41 haufiki. Kongwa iko kama nyuzi 36 na nusu na kila nyuzi moja ni dakika 4, kwaiyo jua linawafikia nyinyi nusu saa na kidogo baadae. Zile dakika zingine kumi na kitu zinatokana na mwendo wa dunia usio sawa kwenye njia yake na kuinama kwa mhimili, hizo wala usiwaguse nazo fomu wani, watazikuta mbele huko.

Na hapo hapo umeshaingia kwenye longitudo na wakati, mada ambayo watoto wanaiogopa kuliko zote. Nikwambie sababu moja ambayo walimu wengi hawaioni: mtoto wetu anahesabu saa kwa kiswahili. Jua likiwa juu kwake ni saa sita, kwenye swali la mtihani ni 12. Anapiga hesabu ya nyuzi 15 kwa saa vizuri kabisa alafu anaanzia kwenye 6 badala ya 12, anakosa, na mwalimu anasema huyu hajui longitudo. Anajua! Toka wiki ya kwanza wazoeshe mfumo wa saa 24, andika ubaoni kila siku muda wa kipindi kwa namna zote mbili.

Ikifika tarehe ishirini na kitu mwezi wa tatu, mchana na usiku vinapokaribia kulingana, fanya hivi: tafuta rafiki yako mmoja mliyesoma nae chuo aliyeko Kigoma na mwingine aliyeko Dar es Salaam, waombe jioni moja hiyo hiyo wakutumie meseji jua linapozama. Dar litazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, Kigoma kama saa moja na dakika kumi usiku. Waandikie watoto ubaoni hizo saa mbili na longitudo za miji, Dar nyuzi 39 na robo, Kigoma nyuzi 29 na nusu na kidogo, na uwaache wagombane wenyewe kwanini. Ukipiga nyuzi 9 na robo tatu hivi mara dakika 4 unapata karibu dakika 39, na meseji zako zitakuwa zinasema karibu hivo hivo kama wenzako walikua na sehemu ya wazi ya kuangalia.

Sasa mvua.

Mko kwenye msimu saivi kwaiyo anza kesho. Chukua chupa ya plastiki ya maji ile isiyo na mikunjo ubavuni, kata sehemu ya juu inapoanza kubana, igeuze uiingize kinywa chini iwe faneli. Chini weka kokoto na maji mpaka sehemu iliyonyooka ndo iwe sifuri yako, bandika rula ya karatasi iliyofunikwa na selotepu. Ichimbie kidogo isiangushwe na upepo, mdomo ubaki kama sentimita 30 juu ya ardhi, mbali na paa na miti. Inasomwa saa tatu kamili asubuhi kila siku, huo ndo muda wanaopimia mvua hata wataalamu wa hali ya hewa hapa nchini, na waambie watoto hivyo, wajue wanafanya kazi ya kweli. Kila siku kundi moja linasoma, linaandika kwenye bango la darasa, linarudisha maji kwenye sifuri.

Mtoto wa Kongwa ana msimu mmoja wa mvua, unaanza kuelekea Desemba unaisha Aprili. Vitabu vinaeleza vuli na masika na yeye anakariri vuli ambayo hajawahi kuiona maishani mwake. Usimfiche, mwambie wenzake wa Tanga na Dar wanapata mvua mara mbili na nyie mnapata mara moja, alafu muulize kwao wanalima nini. Atakwambia mtama, uwele, alizeti, na mahindi yanayokauka mwaka mwingine. Mwenzako hapo tayari yuko kwenye tabianchi na hajui kama yuko kwenye tabianchi.

Na hapa ndo nakuja kwenye lile la Kongwa. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikua na njaa ya mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga huku Afrika, mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa hapa Tanganyika, na mwaka 1947 mashine zikaanza kusukuma vichaka hapo hapo Kongwa. Ujumbe uliokuja kuangalia ardhi mwaka 1946 ulizunguka wiki chache tu na sehemu kubwa waliitazama wakiwa kwenye ndege. Kumbukumbu za mvua walizokua nazo zilikua haba. Udongo wenyewe una mfinyanzi, mvua ikikata jua likipiga unakaza, sasa karanga zinazaa chini ya ardhi, unazing'oaje kwenye udongo uliokaza vile? Mwaka 1949 ukame ukapiga. Mwaka 1951 serikali yao ikafunga mpango, wamechoma mamilioni ya pauni, na eneo walilofanikiwa kulima lilikua kipande kidogo tu cha walichopanga. Wagogo waliokua wakiishi pale walijua mvua ya pale na udongo wa pale, sijui nani aliwauliza.

Mwanangu hiyo habari wape watoto wako, wape kwa kiswahili, taratibu, kipindi kizima kama ikibidi. Wape udongo wa nyuma ya darasa kwenye makopo mawili, moja liwe na maji moja lianikwe juani siku kadhaa, wajaribu kuchomoa kitu kwenye lile lililokauka. Waulize kama babu zao wana habari zozote za enzi hizo, waje nazo. Mimi nimefundisha somo hili miaka mingi mikoa tofauti na sijawahi kuona mtoto anayeuliza Jiografia ina faida gani akishajua kwamba watu wenye pesa, ndege na matrekta walishindwa kijijini kwao kwa kutoijua mvua na udongo.

Tuje kwenye lugha sasa maana najua hapo ndo unaumia. Kwanza fimbo hapana, na mwenzako huyo usimfuate. Mtoto aliyechapwa kwa kuongea kiswahili hajifunzi kiingereza, anajifunza kufunga mdomo, na hao wako tayari wamefunga. Yule aliyekuuliza mlango wa nyumba yao, angekua kwenye darasa la fimbo asingeuliza kabisa. (Na jibu lake usisahau kumpa: mlango, nyumba, mbuyu, sisi wote tunazunguka pamoja na dunia, ndo maana mlango haugeuki ukiulinganisha na mbuyu. Kinachoonekana kugeuka ni jua na nyota, kwasababu hizo haziko kwenye dunia. Mpongeze mbele ya wenzake.)

Utaratibu ninaouamini mimi ni huu: jambo lenyewe walione na walibishanie kwa kiswahili, wakishaelewa wape majina ya kiingereza machache, matano hivi kwa kipindi yanatosha, alafu kila mtoto aandike sentensi zake mbili tatu fupi za kiingereza kuhusu alichokiona, sio kukopi zako. Zitakua na makosa, zirekebishe wakiwa wanaziona. Mtoto anayeandika kwa kiingereza chake kibovu kwamba leo kivuli kilikua sentimita 12 na kinaelekea kaskazini amemzidi mbali yule aliyekopi ukurasa mzima wa mfumo wa jua. Na picha, michoro, kila siku wachore, mchoro hauna shida ya lugha na mtihani unaipenda.

Ramani: usianze na ile ya ukutani. Ramani ikining'inia ukutani ndo inawafundisha kaskazini ni juu. Ilaze sakafuni au nje, igeuze mpaka kaskazini yake ilale kwenye ule mstari wenu wa mawe, wasimame kuizunguka, Kenya iwe kweli upande ilipo Kenya. Kuna swali watakuuliza hapo au uwaulize wewe, mto Naili unatoka Ziwa Viktoria unaenda kaskazini, sasa unapandaje? Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanateremka tu mpaka Mediterania, kaskazini sio kilimani. Baada ya hapo wapime shule kwa hatua, kila kundi lipime hatua zake kwanza kwenye kamba ya mita 10 ili wajue hatua yao ni sentimita ngapi, kisha wachore eneo la shule, sentimita 1 iwe mita 10. Wakishachora hiyo ndo uwape karatasi ya ramani ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1. Hizo zinatolewa na idara ya upimaji na ramani wizara ya ardhi, lakini kabla hujaingia gharama nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uone kama wanayo ya eneo lenu mkaitazame au wakuruhusu kutoa kopi.

Watoto tisini kuwatoa nje unaogopa, najua. Usiwatoe wote kwa kazi moja. Makundi tisa au kumi, kila kundi na kiongozi na kazi yake, wawili watatu wawe kwenye kivuli, wengine mvua, wengine wanapima, wengine wamebaki ndani wanachora walichofanya jana, wiki inayofuata wanabadilishana. Wiki ya kwanza itakua fujo. Vumilia, ya tatu wanajiendesha. Na mwombe mwalimu wa ratiba, kwa adabu, mkondo mmoja walau upate kipindi kinachoangukia mchana ule wa kivuli.

Kuhusu mkuu wa shule usimfuate na malalamiko, mfuate na azimio la kazi. Kaa ulipange upya, mada zile zile za silabasi bila kuacha hata moja, ila kwenye safu ya shughuli andika kivuli, mvua, udongo, ramani ya shule, na tarehe zake. Mwonyeshe kwamba kivuli kinabeba mhimili, misimu, longitudo na wakati, yaani mada ulizokua uzifundishe mara nne unazifundisha kwenye fimbo moja, kwaiyo muda unaupata huko huko. Mkuu anachoogopa ni matokeo ya kidato cha pili, wala hana ubaya. Notsi usiziache kabisa, toa fupi, nusu ukurasa, baada ya kazi na sio kabla, ili akipita kukagua daftari akute kitu.

Na wathibiti ubora wakija? Andalio la somo liwe limeandikwa kama inavyotakiwa, kiingereza, ubaoni maneno ya kiingereza yaonekane, madaftari yana sentensi za kiingereza za watoto wenyewe. Mtaala unataka umahiri, unataka mtoto atende, na wewe ndo unafanya hicho. Wakikukuta unaelewesha jambo gumu kwa kiswahili usitetemeke wala usijifiche, waeleze utaratibu wako ulivyo kisha waombe waulize watoto wenyewe maswali, kwa kiingereza, pale pale kwenye fimbo. Kama umewafundisha hivi toka mwezi huu watajibu.